Kutoa na kurekodi mziki wa magemu ya kaseti, hata kama mashine yako ni ile feki

Wakuu, mtu akikuambia anautafuta mziki wa Mario au Contra ya zamani, kabla hujamtumia kitu muulize anataka upi. Upo uliotungwa Japani, na upo tuliousikia sisi huku sebuleni kwa watu na kwenye mabanda ya gemu, na sio kitu kimoja. Ndio maana ukiusikiliza YouTube unauona una haraka, mpaka unadhani kumbukumbu yako ndo mbovu. Kumbukumbu yako iko sawa. Mashine nyingi zilizotufikia hazikuwa Nintendo, zilikuwa kopi za Famicom, ile mashine Nintendo waliyoitoa Japani 1983, kopi zenye kaseti za pini 60, nyingi za njano, na zilitengenezwa ziendane na TV za PAL kama zetu (PAL ni mfumo wa TV wa picha 50 kwa sekunde).

Ndani ya kaseti hamna wimbo uliorekodiwa. Kuna namba tu, maelekezo ya noti, na gemu inasoma hatua moja ya mziki kila TV inapochora picha moja. Japani na Marekani TV inachora picha 60 kwa sekunde, kwetu 50, kwahiyo wimbo ambao kule unazunguka kwa dakika moja huku unachukua kama sekunde 72. Noti zenyewe hazishuki sana, maana noti kupanda au kushuka kunafuata mwendo wa prosesa, na kopi nyingi za hertz 50 (yani picha 50 kwa sekunde) prosesa yake inakimbia kwa MHz 1.77 hivi, karibu kabisa na 1.79 ya Famicom orijino. NES halisi ya Ulaya (NES ni Famicom ya kuuzwa nje ya Japani) ndo iko 1.66, hiyo inashusha sauti zaidi ya nusu toni, mtu mwenye sikio anaisikia palepale.

Alafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Chipu ya sauti ya Famicom inaitwa 2A03, ina chaneli tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu ambayo mara nyingi ndo inapiga besi, moja ya kelele ambayo ndo ngoma, na moja ya kupiga sampuli fupi. Zile za mraba zina upana (yani sehemu ya wimbi inayokaa juu) wa aina nne, asilimia 12.5, 25, 50 na 75, na upana ndo unaofanya sauti iwe nyembamba au nene. Kwenye kopi nyingi waliotengeneza chipu walibadilisha hapo, panapotakiwa 25 inatoka 50 na panapotakiwa 50 inatoka 25. Yani filimbi ya utoto wako ilikua nene mahali mtunzi alipoitaka nyembamba.

Kwahiyo amua kwanza. Unataka sauti ya mtunzi au sauti ya sebuleni? Mi nashauri kama mashine yako bado inawaka anza kurekodi hiyo, leo, kwa sababu mashine inakufa na mafaili ya orijino hayaendi popote. Data utaitafuta baadae.

HATUA YA KWANZA: SAFISHA KASETI

Acha kupuliza. Najua wote tulipuliza, ila mate yanalisha kutu pini za shaba, na kwa vumbi la Dodoma la kuanzia mwezi wa saba upepo ukishaanza, ukipuliza unaligandisha tu. Nenda famasi nunua spiriti na pamba za masikio. Spiriti yenye asilimia 90 na kuendelea ndo nzuri, ile ya 70 ina maji mengi, ukiitumia acha kaseti ikauke muda mrefu kabla ya kuichomeka. Paka, sugua kwa kufuata urefu wa pini, sio kukatiza, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Kifutio cha penseli watu wanakitumia na kinafanya kazi, ila kinakwangua ile rangi ya juu ya pini, kwahiyo kiwe mwisho kabisa spiriti ikishindwa.

Ukiifungua hiyo kaseti ya njano usishtuke. Hutaona chipu zenye miguu kama kwenye redio, utaona bodi ndogo ya saketi na tone la gundi nyeusi limekaushwa katikati. Chipu iko chini ya hilo tone. Fundi yeyote wa Sabasaba atakwambia "boss hii haitengenezeki" na atakua anasema kweli, likipasuka tone ndo basi. Safisha pini, funga.

Na tundu la mashine lenyewe lina vumbi pia. Chukua kaseti mbovu, ifunge kitambaa chembamba kilicholoweshwa spiriti kidogo, ingiza na kutoa taratibu mara kadhaa. Mashine iwe imechomolewa kwenye umeme, sio kuzimwa tu.

HATUA YA PILI: UMEME

Hapa watu wanaunguza vitu. Kama umeletewa mashine orijino kutoka Japani au Marekani, adapta yake ni ya volti 100 au 120, sisi ukutani ni 230. Usiichomeke. Tafuta adapta ya hapa yenye volti zinazotakiwa, na uangalie mchoro wa chanya na hasi kwenye adapta na kwenye mashine, maana Famicom hasi iko katikati ya ncha wakati adapta nyingi za router na decoder chanya ndo iko katikati. Kopi nyingi zinatumia volti 9 za DC na ndani zina kichipu cha kushusha mpaka 5, ila soma chini ya mashine yako, usibahatishe kwa kuwa plagi imeingia.

Adapta za bei ya chini zinaleta mngurumo wa hertz 50 na 100 kwenye rekodi, ule "mmmm" wa chini. Ukiusikia, badilisha adapta kabla hujalaumu waya. Na ukirekodi kwenye laptop ichomoe chaja, tumia betri, hiyo peke yake inaondoa mngurumo mara nyingi sana kwa sababu mashine na laptop zinaacha kukutana kupitia umeme wa ukutani.

HATUA YA TATU: WAYA

Nyuma ya mashine kuna matundu ya RCA, la njano ni picha, jeupe au jekundu ni sauti. Sauti ni mono, moja tu, usihangaike kutafuta ya pili. Kama yako ina ile ya antena tu ya kuchomeka kwenye TV, basi chukua sauti kutoka kwenye tundu la hedifoni la TV, sio nzuri sana ila inafaa.

Unahitaji kifaa cha USB cha sauti chenye "line in", yani tundu la kuingiza sauti kutoka mashine nyingine. Sisitiza hilo neno dukani, maana vile vidude vidogo vya rangirangi vingi vina tundu la maiki tu, na tundu la maiki linatarajia sauti ndogo sana, ukiingiza sauti ya mashine inapasuka. Tundu moja la laptop za siku hizi, lile la hedifoni na maiki pamoja, lina tatizo hilohilo. Vile vifaa vya USB vya kunasia picha kutoka deki za VHS vina RCA za sauti pia, vinafaa kabisa na ni rahisi kuvipata. Mwenye simu ya Android yenye USB-C anaweza kutumia kifaa hichohicho cha sauti kwa waya wa OTG (ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu), simu nyingi zinakikubali.

Kuweka simu mbele ya spika ya TV na kubonyeza rekodi, hapana. Utarekodi na feni na majirani.

HATUA YA NNE: AUDACITY

Shusha Audacity, ni programu ya kurekodi na kukata sauti, ya bure. Weka mono, 44100, bit 16 inatosha ila kama kifaa kinaruhusu 24 weka 24. Washa gemu, fika sehemu yenye mziki mkubwa kuliko zote (mara nyingi ni kwa bosi), alafu angalia mita, vilele vikae karibu na -6. Vikigonga 0 shusha, maana mawimbi ya mraba yakikatwa juu huwezi hata kujua kwa jicho kwamba yamekatwa, yako bapa tayari.

Kabla hujaanza rekodi sekunde chache za kimya, gemu ikiwa imewaka na mziki haupo. Hicho kimya ndo kitakuonyesha una mngurumo kiasi gani. Ila sikiliza, usije ukatumia ile zana ya kuondoa kelele juu ya mziki wenyewe. Ngoma za Famicom NI kelele, chaneli nzima kazi yake ni kutoa kelele, na zana haijui tofauti, itazila ngoma zako ubaki na kitu kinachosikika kama kiko chini ya maji. Ondoa mngurumo kwa kubadilisha adapta na kuchomoa chaja, sio kwa programu.

Ukishapata rekodi, vuta karibu sana mpaka uone wimbi moja moja. Utaona migongo ya mraba, ila juu haiko bapa sawasawa, inateremka kidogo. Hilo sio kosa, ni kapasita za kwenye njia ya sauti. Na hapohapo unaweza kujua kama mashine yako ni ya zile zilizobadilisha upana: tafuta noti ambayo kwenye faili la orijino juu na chini vinalingana, kama kwako sehemu ya juu ni robo tu ya wimbi zima, basi ndo yenyewe.

HATUA YA TANO: KUPATA MZIKI BILA MILIO YA GEMU

Hii ndo inasumbua. Chaneli ni chache, kwahiyo mlio wowote wa gemu unaichukua chaneli kutoka kwenye mziki. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985, Mario akiruka chaneli ya mraba ya kwanza inanyang'anywa, akiokota sarafu inanyang'anywa ya pili. Huwezi kuja kuufuta mlio baadae, maana chini yake hamna noti iliyofichwa, noti haikupigwa kabisa.

Kwahiyo usicheze. Ingia hatua ya 1-1, muache Mario amesimama palepale alipoanzia, adui wa kwanza hatokei mpaka usogee. Una muda wa kutosha kurekodi mzunguko wote, ila angalia saa ya gemu, inaanza 400 na ikishuka chini ya 100 mziki unabadilika na kwenda mbio. Kwa magemu mengine tafuta sehemu ya kujaribia sauti, baadhi wanaiweka kwenye menyu ya "options", wengine wanaificha nyuma ya bonyeza za siri. Sonic ya kwanza ya Mega Drive (mashine ya Sega) kwa mfano, kwenye ukurasa wa mwanzo bonyeza juu, chini, kushoto, kulia, usikie mlio wa pete, alafu shikilia A na ubonyeze Start, utapata orodha ya hatua na chini yake sehemu ya kuchagua sauti.

Gemu ikikuruhusu, rekodi mizunguko miwili au mitatu, sio mmoja. Utajua kwanini ukifika kwenye kukata.

NJIA YA PILI: KUTOA DATA YENYEWE

Kama unataka sauti safi isiyo na waya wala mngurumo, au wewe ni prodyuza unataka kila ala peke yake, hii ndo yako.

Kaseti inasomwa kwa kifaa maalumu cha kuunganisha na kompyuta. Ipo ile ya mbunifu anayejiita Sanni ambayo michoro yake iko wazi na msingi wake ni Arduino Mega (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiprogramu mwenyewe), ipo INLretro, kwa Game Boy ipo GB Operator. Mtaani huku kuvipata sio rahisi, watu wanaagiza au wanajenga, na kijana yeyote wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anayechezea Arduino anaweza kukujengea ya Sanni akipewa michoro. Angalia tu ina tundu la pini 60, maana za NES ya Marekani na Ulaya ni 72 na kaseti yetu haiingii bila kiunganishi.

Soma kaseti mara mbili ulinganishe mafaili, yakitofautiana rudi kwenye spiriti. Faili la Super Mario Bros. linatakiwa kuwa baiti 40,976: 16 za kichwa, 32,768 za programu, 8,192 za michoro. Gemu zima, na mziki wake wote, picha moja ya WhatsApp inaizidi. Kaseti za "9999999 in 1" nakwambia mapema zitakusumbua, kwanza magemu ni machache yanajirudia tu kwa kuanzia hatua tofauti, pili kila kiwanda kilikua na namna yake ya kupanga kurasa za kumbukumbu na programu ya kusomea haiwezi kuzijua zote. Hizo rekodi kwa waya.

Ukishakua na faili la gemu bado hujapata mziki, mziki wa Famicom unakaa kwenye faili la aina ya NSF, lina kichwa cha baiti 128 kinachoanza na herufi NESM, alafu kinafuata kipande cha programu ya gemu kile kinachopiga mziki pekee. Kwa magemu yanayojulikana mafaili haya yalishatengenezwa na watu. Kutengeneza mwenyewe unafungua gemu kwenye emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) ya Mesen, unaingia kwenye debuga (sehemu ya kuikagua programu ikiwa inatembea), unaweka mtego kwenye anwani za sauti $4000 mpaka $4013, na $4015 na $4017, gemu ikiandika hapo inasimama na unaona ni kipande gani cha programu kimeandika, unafuatilia nyuma mpaka ukipate kile kinachoitwa kila picha moja, hicho ndo cha kupiga, alafu unatafuta kile kinachopokea namba ya wimbo, hicho ndo cha kuanzisha, anwani zao unaziandika kwenye kichwa cha NSF na jina na mtunzi. Ni kazi ya wiki kwa asiyejua lugha ya mashine, sikudanganyi.

Ukiwa na NSF, ifungue kwa programu ya NSFPlay. VLC nayo inaifungua, kwa kusikiliza tu. Raha ya NSFPlay ni kwamba unazima chaneli moja moja na kutoa faili la sauti la WAV. Zima zote uache pembetatu, toa WAV, hiyo ndo besi. Rudia kwa kila moja. Zikiingia kwenye programu ya kutengenezea midundo zinakaa sambamba zenyewe, kwa sababu kila mara programu inapiga vilevile bila kupishana. Kumbuka pembetatu haina kupanda na kushuka kwa sauti, ni kuwaka au kuzima tu, kwahiyo usishangae besi iko sawa mwanzo mwisho.

Na kwa wale wa sebuleni ambao mashine ilishakufa: Mesen ina sehemu ya kuchagua eneo, humo kuna NTSC (mfumo wa Japani na Marekani), PAL na Dendy. Dendy ni kopi maarufu ya Urusi, na mwendo wake ndo huu wa kopi za hertz 50. Chagua hiyo. Alafu kwenye setingi za sauti tafuta ya kubadilishana upana wa chaneli za mraba ili kuiga kopi za zamani, weka tiki. Fungua kirekodi sauti cha humohumo, na hapo unapata ule ule wa utotoni bila mashine wala waya.

KUKATA NA KUHIFADHI

Nyimbo hizi hazina mwisho, zinazunguka. Acha mizunguko miwili kamili, alafu mwanzoni mwa wa tatu anza kufifisha kwa sekunde 8 hadi 10. Mwanzo ukate pale mstari unapovuka katikati, usikate juu ya wimbi maana utasikia "tik". Rekodi ya mashine iondolee DC kwanza, yani ule mstari wa katikati kuhama juu au chini (iko kwenye zana ya Normalize), vilele viweke -1. Hifadhi FLAC (inabana faili bila kupoteza sauti), MP3 iwe ya kusikilizia kwenye simu tu. Kwenye jina la faili andika mashine, 50 au 60, na kama ni waya au NSF, la sivyo baada ya mwaka utakua na mafaili matatu ya wimbo mmoja usijue lipi ni lipi.

Mziki huu una wenyewe, wa Mario ni wa Koji Kondo na Nintendo, na sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kuweka kwenye simu yako usikilize ukienda kazini ni jambo moja, kuchukua besi ya watu ukaiuza kama mdundo wako ni jambo lingine.

MASHINE NYINGINE KWA HARAKA

Super Nintendo: faili ni SPC, ni picha ya kumbukumbu yote ya sauti ya KB 64 kwa wakati mmoja. Emuleta ya Snes9x inaihifadhi, bonyeza wimbo unapoanza tu, sio katikati.

Mega Drive: faili ni VGM, na emuleta ya Kega Fusion inalirekodi wakati unacheza. Kwa waya, kama una ile ya kwanza nene yenye tundu la hedifoni mbele, rekodi kutoka hapohapo mbele, maana nyuma inatoa mono na stereo iko mbele tu. Kitelezi cha sauti kiweke mahali pamoja na usikiguse mpaka umalize nyimbo zote, la sivyo kila wimbo utakua na ukubwa wake.

Game Boy: tundu la hedifoni ni stereo, lipige moja kwa moja kwenye line in. Tumia betri mpya, na iliyofungwa taa ya kioo irekodi taa ikiwa imepunguzwa mpaka mwisho, zile taa zinaingiza mlio mwembamba kwenye sauti.